Bendera za Kumkaribisha Mogens

Odense, Jumapili

Kaka yangu Anker,

Salamu nyingi kutoka kwangu. Mgongo wako vipi? Na wifi Gerda je, bado anagombana na paka wa jirani? Nawakumbuka sana, hasa siku kama hizi.

Unamfahamu Mogens, yule tunayekaa meza moja ofisini. Kazi ilimwelemea mpaka daktari akampumzisha tangu kiangazi. Kabla ya kurudi alinipigia simu, maana mimi ndiye mwakilishi wa afya ya akili hapo kazini, ninayeambiwa na wenzangu wakielemewa. Aliniomba jambo moja tu: aingie kimya kimya, kama mtu aliyetoka mara moja kununua mkate. Nikampa ahadi.

Nikamweleza bosi wetu, Bodil. Alicheka, akasema mtu akirudi kazini ni sherehe, si matanga, na tangu lini Mdenmaki akachukia keki? Nilijaribu kubisha, kaka, nikaishia kukubali. Bendera ndogo za mezani nilizipanga mimi, kwa mikono yangu, kama tunavyozipanga siku ya kuzaliwa ya mtu.

Mogens alipofungua mlango tulimwimbia, tukampigia kelele za shangwe, “hurei!” mara tatu. Masikini! Alibaki kasimama na koti lake, uso mweupe pe, akatuuliza jamani tunashangilia nini. Kisha akanitazama mimi. Akageuka akaenda zake, na hajarudi tena. Sisi tukakata keki. Kuna mmoja alitania kwamba afadhali, vipande vimekuwa vikubwa, na watu wakacheka. Mimi nilikula changu chote.

Jioni Bodil aliniita. Alinisifu kwamba mimi ni jiwe, sitikisiki, kwa hiyo nishike na kazi za Mogens kwa muda. Akaniagiza pia niandae mafunzo ya kuwazoesha wenzangu kusema wanapoelemewa. Nikajibu hakuna shida.

Shida ipo, kaka. Ugonjwa wa Mogens ninao mimi, na nilikuwa nao kabla yake. Kila asubuhi naegesha baiskeli nyuma ya ofisi, natapika, nanawa uso, ndipo naingia kuwauliza wenzangu wamelalaje. Silali. Sioni ladha ya chakula. Juzi nikiwa stesheni treni ilipita kwa kasi, nikawaza jambo ambalo mkono unakataa kuliandika. Niliogopa, nikakaa chini palepale sakafuni, watu wakanipita.

Nimeshindwa, Anker. Sina wa kumwambia, kwa sababu wa kuambiwa ni mimi.

Wabusu watoto, waambie shangazi yao anawapenda. Mpe wifi salamu zangu, na umwombe radhi, maana nakuomba uondoke nyumbani mara tu usomapo haya. Usinijibu kwa barua. Njoo unipeleke kwa daktari, na tukifika uingie nami ndani. Akiniuliza naendeleaje, jibu wewe. Mimi nitamdanganya.

Dada yako,
Solvej