Eulalia Alivyonyoosha Mkono

Yoli, usinipigie, soma tu.

Unaijua ile diploma yangu ya haki za binadamu, ninayosoma kwa kompyuta. Zoezi la wiki hii ni kumhoji mfanyakazi mmoja kuhusu haki zake kazini. Nikamchagua Eulalia, yule mama wa Gwatemala anayekata mabawa ya kuku kwenye laini yangu kiwandani. Ndiyo, mimi ndiye msimamizi wake, lakini tunaelewana.

Tunaelewana, Yoli. Hivyo ndivyo nilivyomwandikia mwalimu.

Nimetoka nyumbani kwa Eulalia sasa hivi, bado niko ndani ya gari. Alinikaribisha jikoni, akanipa kahawa na tamali za moto, zile za unga wa mahindi za kwao. Nikamuuliza, umewahi kunyimwa haki yoyote pale kiwandani?

"Hapana bosi, kila kitu kizuri."

Nikamwambia leo mimi si bosi, ni mwanafunzi tu. Akacheka. "Haya, bosi."

Basi nikaandika hapana. Ukurasa mzima, hapana, hapana.

Halafu, shoga yangu, tukiwa kwenye swali la saba akanyoosha mkono. Mkono juu kabisa, kama wafanyakazi wanavyoniomba ruhusa kwenye laini.

"Bosi, naomba kwenda chooni."

Kwake, Yoli! Choo chake, hatua tatu kutoka pale alipokaa. Na wala hakushtuka, alikuwa ananisubiri nimjibu.

Unajua nilimjibu nini?

"Nenda. Dakika tano."

Na nikatazama saa.