Miti ya Fensi Uliyoomba

Kiden, mwanangu,

Hapa Koboko mimi niko, na mtoto wako iko, anakula, meno imeanza kutoka. Mwandiko wangu unaujua, vumilia tu.

Nataka kukupa habari ya bwawa lako, na si nzuri.

Siku ya kukuzika watu walikuja wengi mpaka kuni zikaisha. Baba yako mdogo akatuma watu wakang'oa miti ya fensi yako pale bwawani, ile uliyokata peke yako. Hiyo ndiyo ilipika maharage ya kilio chako. Yale majani uliyopanda kando ya maji, ya kuzuia uchafu, wakakata wakatandika chini, wageni wakalie. Masufuria wakaoshea mle mle, povu likaelea. Mimi nilikuwa kwenye mkeka nimefunikwa shuka, sikuona. Ningeona ningepigana.

Tangu hapo kila mtu anafua humo. Ng'ombe wanaingia mpaka maji inafika tumboni, wanakunya. Mvua ikanyesha, jua likawaka, na maji ikageuka kijani, nzito kama rangi ya mlango, inanuka. Ulituambia ukitoka Arua kwenye mafunzo ya maji. "Mama, hii kijani iko inakula. Inakula sabuni, inakula mavi ya ng'ombe. Ukiinyima chakula, haina nguvu." Watu wakakucheka. Ukipita tu: "Askari ya vyura huyo, anaenda kuhesabu watu wake." Wewe ulicheka nao. Mimi sikucheka.

Mbuzi wa jirani walikunywa, wakafa palepale. Maji ya mtoto ninafuata mbali, kwenye kisima cha misheni, kwa sababu ulisema kuchemsha haitoi sumu hiyo. Wengine wanachemsha, wanakunywa, wanatapika.

Na unajua wanasema nini? Wanasema ni wewe. Eti Kiden amekasirika, ametia sumu kwa maji. Walikuja kwangu, baba yako mdogo mbele, amevua kofia, wanataka nitoe mbuzi nikuombe upoe. Wewe, uliyekuwa unaingia matope mpaka magoti kwa ajili ya watoto wao.

Uchungu ulinipanda. Halafu nikadanganya. Nikasema, Kiden alinijia katika ndoto. Mbuzi hataki. Anataka kila nyumba ilete mti wa fensi, na ng'ombe wachotewe maji nje.

Kiden, walileta. Kesho yake tu, miti mizuri, imenyooka. Ulipokuwa hai ulizunguka nyumba kwa nyumba ukiomba miti hiyo hiyo, wakakupa kiti na kicheko. Baba yako mdogo alichimba mashimo mwenyewe, na kaburi lako anaogopa hata kulitazama.

Sikufurahi. Nilikaa nikawaangalia wanavyofanya kazi, nikawachukia.

Maji bado iko kijani. Ulisema inachukua muda. Haya, lala, mwanangu, mtoto usimwogopee, niko naye. Majani nitapanda mimi, kwa mkono wangu. Na siku ya kumaliza kilio, mtu akishuka kule na sufuria na sabuni, nitasema umenijia tena. Usinisute. Nyamaza tu, kama unavyonyamaza.

Mama yako