Namba ya Eddah

Jumapili, 3 Agosti 2025

Acha nianze na madogo. Nikinunua mandazi huwa naitisha matatu na nakula moja, ili yule mama muuzaji asijue naishi peke yangu. Kanisani nafungua mdomo tu wimbo ukifika ubeti wa pili – siyajui maneno, na sasa ni miaka sita, nitamuuliza nani? Jioni nikifunika cherehani naiambia kwaheri. Wanja, mwenye duka, akiwa karibu naiambia kimoyomoyo.

Sasa lile kubwa. Kuna mama mzee huko Ndhiwa ananiita mtoto wake. Mimi si mtoto wake.

Nimeandika. Haikuuma vile nilidhani.

Ilikuwa mwezi wa tano. Nilikuwa nimeibiwa simu, nikanunua laini mpya hapo stendi ya Olympic. Wiki ya kwanza tu, simu ikalia saa kumi jioni. Sauti ya mama mzee, kwa Kijaluo: Eddah? Eddah nyathina, mtoto wangu, ni wewe? Nilielewa haraka. Hii namba ilikuwa ya mtu, akaiacha, kampuni ikaiuza tena. Nilifungua mdomo nimwambie amekosea. Akaanza kulia. Akasema mwaka mzima amekuwa akipiga, anaambiwa mteja hapatikani, na leo Mungu amefungua.

Nikasema: ni mimi, Mama.

Mama yangu alikufa 2019. Nilifika nyumbani nikakuta wamefunika kaburi. Hiyo si sababu, lakini naiandika.

Sasa tunaongea karibu kila siku. Kuku, mvua, miguu yake. Macho yameisha, anaona kivuli tu. Ananiambia nivae sweta, Nairobi ni baridi. Navaa.

Jumanne, 5 Agosti

Leo Mama ameniuliza kama bado nalalia mkono wa kushoto mpaka unakufa ganzi. Ni ukweli. Asubuhi hii niliushika kwa ule mwingine nikauinua kama mzigo.

Watu wengi hulala hivyo. Nadhani.

Jumamosi, 9 Agosti

Kazi nyingi, mapazia ya hoteli moja. Saa kumi nikatoka nje kupokea. Mama alikuwa anacheka hata kabla sijasema kitu. Unamkumbuka ng'ombe aliyekurusha kwenye matope ukiwa na nguo ya Krismasi? Nikasema, si ni Rateng'! Akacheka mpaka akakohoa. Ndiyo, Rateng', yule shetani.

Nikacheka pia. 

Hajawahi kunitajia jina la huyo ng'ombe. Nimepekua kichwa chote. Rateng' ni jina la ng'ombe mweusi yeyote, hata kwetu tulikuwa naye mmoja. Kwa hivyo nilibahatisha. Lakini wakati naongea sikuwa nabahatisha. Niliyaona matope. Niliona nguo, ya manjano, na ukanda wa nyuma umekatika.

Sijawahi kuwa na nguo ya manjano.

Jumatatu, 11 Agosti

Wanja amenishika. Si kwa ubaya – Wanja ni boss lakini tumekaa miaka saba kwa duka moja hapa Kawangware, anajua mpaka siku zangu za mwezi. Nilikuwa kwa simu pale mlangoni. Nikakata. Akaweka makasi chini.

"Unaongea na nani kila saa kumi?"

"Mama."

"Seline. Mama yako tulimchangia mazishi nikiwa treasurer wa chama."

Nikasema ni mama mdogo, dada ya mama. Akaniangalia tu. Halafu akasema kitu kingine, polepole, kama mtu anayeogopa kukosea:

"Sielewi Kijaluo, sawa. Lakini ukiongea na huyo mtu hiyo sauti si yako. Juzi nilikuwa kwa choo, nikadhani kuna customer ameingia. Nikatoka mbio. Nikapata ni wewe."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Jioni nimejaribu kuongea Kijaluo peke yangu kwa nyumba, nijisikie. Nimewacha. Si poa kusikiliza sauti yako ukingoja iwe ya mtu mwingine.

Alhamisi, 14 Agosti

Mungu wangu.

Leo namba ngeni. Mwanaume. "Eddah, ni Omolo." Ndugu yake. Mama hunisimulia juu yake – ana duka la dawa za mifugo, ana watoto wanne. Nilikuwa sijawahi kuongea naye. Alikuwa amekasirika, lakini ni ile hasira ya mtu ambaye amelia kwanza.

Akasema hivi. Kwamba mwaka jana mwezi wa pili nilinyamaza ghafla. Kwamba alikuja Nairobi, akazunguka mochari mbili, akaangalia wanawake ambao mpaka leo anawaona akifumba macho. Kwamba mwaka huu mwezi wa tano alikuwa amechukua barua kwa chief, aje aripoti polisi rasmi, watoe picha yangu. Tiketi alikuwa amekata. Halafu Mama akamwambia, Eddah amepokea simu. Ni mzima. Akarudisha barua kwa droo.

"Sikuulizi ulikuwa wapi," akasema. "Nauliza tu kwa nini huongei na mimi."

Nikakata simu. Nilikata! Niliketi kwa mawe nyuma ya duka.

Miezi mitatu nimefikiria nampa mama mzee zawadi. Kumbe nimekaa juu ya mlango ambao mtu alikuwa anataka kufungua. Hakuna anayemtafuta Eddah. Hakuna hata mmoja. Kwa sababu Eddah anapokea simu.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimempigia Omolo asubuhi, kabla ya chai. Nimesema yote bila kupumua. Mimi si Eddah. Naitwa Seline, natoka Karachuonyo, laini nilinunua. Sijui dada yako yuko wapi. Nisamehe, lakini mtafute.

Nilisikia kuku upande wake.

Akasema, kwa upole kabisa: "Mama aliniambia utasema hivyo."

"Nitasema nini?"

"Kwamba wewe si Eddah. Aliniambia jana usiku, ati usimjibu vibaya." Akaongeza: "Dada, hata ukitukataa, sisi bado ni wako. Pumzika. Tutaongea."

Na yeye ndiye aliyekata.

Jumapili, 17 Agosti

Sikuenda kanisa. Nilikaa kwa kitanda nikamngoja Mama apige. Akapiga. Nikamuuliza, kwa nini ulimwambia Omolo nitasema mimi si Eddah?

Hakushtuka. Akasema, si ndiyo ulikuwa unasema ukiwa mdogo? Ukishikwa na malaria. Unakaa wima, macho wazi, unatuambia: mimi si Eddah, Eddah yuko huko nje barabarani, mfungulieni. Baba yako alikuwa anaenda kweli kufungua mlango, ili tu ulale.

"Na akifungua?"

"Unalala."

Nikamuuliza kama kulikuwa na mtu nje. Akasema, kwani wewe hukumbuki?

Nilitaka kusema sikumbuki. Nimekaa na simu sikioni, na sikuweza kusema sikumbuki.

Hii si mzaha tena. Nimepiga picha ya kitambulisho changu pande mbili, na picha yangu nimesimama mlangoni, nimetuma kwa Omolo. Nimeandika chini: angalia vizuri.

Jumatano, 20 Agosti

Siku tatu bila jibu. Sijapokea simu za Mama. Leo amepiga mara tisa. Kila ikilia nainamisha kichwa kwa cherehani. Wanja amezima redio ili asikilize ikilia. Hajauliza.

Saa nane Omolo akaandika. Sentensi mbili tu. "Wewe ni nani. Dada yangu yuko wapi."

Nililia kwa furaha! Mtu mzima, nalia kwa sababu nimetukanwa hivyo. Kuna mtu anauliza hatimaye.

Tumeongea. Anakuja Jumamosi. Omolo hajamwambia Mama kitu, amesema ataanguka. Ana kitu kimoja: gunia ambalo Eddah alituma nyumbani mwaka juzi na basi. Wiki hii ndipo ameligeuza akaona limeandikwa kwa marker nyuma, KWA NDERITU, TANGI LA MAJI, KAWANGWARE.

Mimi hupita hapo kila siku. Lile tangi liko hatua mia mbili kutoka dukani.

Jumamosi, 23 Agosti

Naandika nikiwa nimekaa kwa ndoo, kwenye ploti ya Nderitu. Daftari ni lile la vipimo, ndilo nililokuwa nalo. Nataka kuandika kwa mpangilio kabla sijachanganyikiwa.

Saa tatu asubuhi nilikutana na Omolo hapo Olympic. Mwanaume mrefu, koti la kanisa. Nilijitayarisha kupigwa. Aliniangalia uso, akaangalia mikono yangu, akapumua. "Hamfanani hata kidogo," akasema. Sijui kwa nini hiyo iliniuma. Tukatembea mpaka Kawangware. Karibu na kona nikageuka kushoto na yeye akauliza nimejuaje ni huku. Nikasema nafanya kazi hapa. Ni ukweli. Nafanya kazi hapa.

Nderitu ni mzee wa kofia, mwenye ploti, mtu mpole. Omolo alipotaja jina tu, akavua kofia. Akasema Eddah alikuwa mpangaji mzuri, anafua nguo za watu kule kwa maghorofa. Mwaka jana mwezi wa pili alifunga kufuli asubuhi akaenda kibarua. Hakurudi. Baada ya miezi mitatu wakavunja kufuli. Vitu vyote akaviweka stoo, hakuuza hata kijiko.

Omolo akasema asante. Akasema hata sisi tulikuwa tunamtafuta.

Mzee akashangaa. "Lakini si alipatikana?"

"Na nani?"

Hapo ndipo akatuambia. Mwaka huu, mwezi wa sita, alikuja mwanamke mmoja hapa kwa geti. Mwanamke wa makamo, ana bandeji mkononi. Akasema alilazwa hospitali, na kitanda cha pili kulikuwa na mgonjwa asiyejulikana, amekaa sana, aligongwa na gari na kichwa kikaumia. Siku nyingine huyo mgonjwa anaongea kidogo. Anataja Nderitu, anataja tangi, anasema anaitwa Eddah. Basi mzee akatafuta kwa vitu vyake, akapata daftari lenye namba ya nyumbani. Akapiga.

"Mama yenu akanihakikishia. Akasema Eddah ni mzima kabisa, tumeongea jana, ana kazi nzuri. Sasa mimi ningefanya nini? Nikamwambia yule mwanamke huyo ni Eddah mwingine. Akaenda zake."

"Hospitali gani?" Omolo akauliza.

Mzee hakumuuliza yule mwanamke. Kwani angeuliza ya nini?

Omolo hakuniangalia. Afadhali angenitukana. Alisimama pale akikunja na kukunjua ile barua ya chief. Mwezi wa sita, tumeongea jana. Nakumbuka hiyo wiki. Mama aliniuliza kama nina kazi, nikamwambia ndiyo, nzuri.

Mzee akaenda kuuliza wapangaji kama kuna anayemjua yule wa bandeji. Sisi tukabaki hapa nje ya stoo. Simu yangu ikalia. Mama. Niliinyoosha kwa Omolo na yeye akatikisa kichwa.

"Pokea. Ongea vile huongea."

"Siwezi tena."

"Utaweza. Ukinyamaza sasa utamuua, na mimi nina mtu mmoja wa kutafuta tayari."

Nikapokea, nikaweka sauti nje ili naye asikie. Nikasema ni mimi, Mama. Mama akasema: umeacha kulia?

Nikamwambia sikuwa nalia.

Akasema, sasa hivi tu. Nimekupigia mara mbili. Mara ya kwanza umepokea ukalia, ukasema una baridi, na kwamba pale ulipo hakuna mtu anayekujua. Nikakuuliza Omolo amefika, ukasema hujamwona.

Omolo alinipokonya simu. Akaangalia orodha. Leo ni simu moja, hii tu, saa tano na dakika kumi na mbili. Akamuuliza Mama alipiga wapi mara ya kwanza. Mama akasema, si nilipiga kwa Eddah? Halafu akasema ngoja, na laini ikakatika.

Omolo ananiambia Mama hawezi kupiga kwingine. Haoni vitufe. Yeye mwenyewe alimwekea namba mbili tu, anabonyeza moja na kushikilia: yangu na ya Omolo. Nimemuuliza, labda jirani amemshikia simu. Amesema labda. Labda anachanganya siku, ni mzee. Labda.

Amempigia Mama kwa simu yake. Inasema namba inatumika. Ameketi chini, kwa saruji, na koti lake zuri. Amepiga tena. Inatumika. Sasa ni mara ya sita, dakika karibu kumi. Mama anaongea na mtu.

Simu ya Omolo iko mkononi mwake. Yangu iko hapa magotini, juu ya daftari. Haijalia.