Fomu Uliyoigeuza, Mjomba

Nyumba za watumishi, Wasso

Mjomba wangu mpendwa,

Nakuandikia wewe usiyejua kusoma, na ambaye huu ni mwaka wa pili umelala chini ya udongo mwekundu wa Rhotia. Ungekuwa hai ungeipeleka barua hii kwa katekista Boay, ukakaa kwenye kigoda na kumwambia, "Soma polepole, usinirukie maneno." Naye angeruka tu, maana anajua pa kukuhurumia. Leo nataka uisikie yote, hata pale panapokera.

Tuanze na mlima. Unakumbuka? Nilikuwa kidato cha pili, nimerudi likizo, nikamkuta mgeni parokiani, mtaalamu wa mawe aliyekuwa njiani kwenda Ngorongoro. Alinichorea kwa kijiti kwenye vumbi jinsi kreta ilivyokuwa zamani mlima mrefu, ukaungua ndani kwa ndani, halafu ukadidimia. Nikakimbia hadi shambani. Ulikuwa unapalilia maharage, ukasimamisha jembe.

"Mlima mzima?"

"Mzima, mjomba."

"Na watu waliokuwa chini yake?"

"Watu walikuwa bado hawajakuwepo."

"Basi mlima wenyewe ulijua wakati wa kudidimia," ukasema, ukacheka mpaka ukashika kiuno. Jioni yake ukaenda kwenye pombe, ukawasimulia wenzako kana kwamba ulikuwepo ukiushuhudia.

Tangu siku ile nikawa nimeshikwa. Mawe, mawe, mawe. Niliyajaza chini ya kitanda mpaka mkeo, mama Safari, akaniuliza kama nina mpango wa kujenga. Baba yangu alifariki nikiwa mdogo na mama akanirudisha kwenu, kwa hiyo wewe ndiye niliyekutazama usoni kila nilipotaka kujua kama jambo linafaa. Na kwako mawe yalifaa. Walionichosha ni wengine. Nilipomaliza kidato cha sita na kurudi kutoka jeshini, ikaja ile fomu ya kuchagua masomo ya chuo kikuu, yenye nafasi tatu, na ghafla Rhotia nzima ikawa na wataalamu. "Jiolojia? Nani atakuajiri? Mawe si haya tunayoyatoa shambani kwa mikono?" "Mtoto wa kike soma ualimu, shule ziko kila kijiji." Mzee mmoja akaniambia nisisome kitu nisichoweza kumweleza mama mkwe. Nilicheka, lakini iliniuma.

Wewe hukusema ualimu wala mawe. Uliuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa akiliuliza miaka ile, maana serikali ndiyo iliyompangia kazi kila aliyemaliza chuo, na tulidhani itakuwa hivyo mpaka siku ya kiama. Ukasema, "Na huyo anayegawa kazi, siku akichoka?" Nikakujibu kwa majivuno, "Mjomba, serikali haichoki." Jamani, ujana!

Basi malaria ikanishika wiki ile ile ya kurudisha fomu. Machaguo yangu nilikuwa nimeyaandika kwa penseli kwenye karatasi ya daftari: kwanza jiolojia, pili ualimu wa sayansi, tatu mifugo na malisho, hili la tatu la kujazia nafasi tu. Ukachukua karatasi na fomu ukavipeleka kwa katekista, mwenye mwandiko mzuri kuliko sisi sote. Ukarudi, ukaninyanyua kichwa, ukanishikisha kalamu. "Weka sahihi hapa, mama." Nikaweka. Nilikuwa naona kalamu mbili. Siku hiyo hakuna gari lililopita, ilikuwa miaka ile ya kukosa mafuta na kupanga foleni ya sukari, ukaenda kwa miguu hadi posta Karatu. Ulirudi umelowa chapachapa, unasema, "Tumemaliza."

Majibu yalikuja tukiwa tunavuna. Nilisoma nimesimama mlangoni: mifugo na malisho, Morogoro, kama ulivyoomba katika chaguo lako la kwanza. Nikasoma tena. Nikakuita.

"Wamechukua ipi?" ukauliza.

"Mifugo. Wanasema ndiyo niliyoiweka ya kwanza."

Ukapiga makofi. "Si unaona! Mawe yamebaki salama."

Sikukuelewa hata kidogo. Ukakaa, ukanieleza kwa upole, kama unavyomwelekeza mtoto kufunga ndama. Mtu wa kwetu mwenye ng'ombe hawaweki wote nyumbani. Huwagawa kwa marafiki, wawili Mbulumbulu, mmoja Endabash, ili ugonjwa ukiingia boma moja asibaki mikono mitupu. Na yule mtamba anayempenda kuliko wote ndiye anayempeleka mbali zaidi, ambako jicho la jirani halifiki na mgeni hawezi kumwomba. Wa kukaa mlangoni ni yule ambaye hata akichukuliwa huumii. Ndivyo ulivyomwagiza katekista, na alipobisha ukamwambia aandike unavyosema. Mifugo mlangoni, ualimu katikati, mawe mbali kabisa. Wakubwa wa Dar es Salaam wachukue cha mlangoni, waridhike, na mawe yangu yaningoje.

"Mjomba," nikasema, "wale hawagawi ng'ombe. Wanasoma kutoka juu. Cha kwanza ndicho unachokitaka. Wakikupa hicho, vingine vimekufa."

Uliichukua ile barua ukaigeuzageuza mikononi.

"Vimekufa vyote viwili?"

"Vyote."

Hapo nikapandwa na hasira. Nilikutolea maneno ambayo binti wa kwetu hamwambii mjomba wake, na majirani walisikia mpaka ng'ambo ya korongo. Kesho yake asubuhi ukavaa koti lako la kanisani, ukapanda basi kwenda Arusha, mji uliokuwa ukiuogopa kuliko chui, kuwatafuta wenye fomu. Ulirudi siku ya tatu miguu imevimba. "Nimeingia ofisi nne," ukasema. "Wananiambia fomu ikishapita haigeuzwi." Mama Safari akakuwekea maji ya moto. Mimi nikaendelea kuchambua maharage, hata kichwa sikunyanyua. Hilo linanichoma kuliko yale makelele.

Nikaenda Morogoro nimenuna, nikasoma nimenuna, na kusema kweli nikafaulu nimenuna. Kisha, mjomba, serikali ikachoka. Tulipomaliza tukaambiwa twende nyumbani tukasubiri barua za kupangiwa kazi, na barua hazikuja. Karibu mwaka mzima nilipalilia maharage yako, shahada yangu imefungwa kwenye nailoni ndani ya sanduku. Watu wakaniita Bibi Majani. "Bibi Majani, ng'ombe wangu hajala, hebu mpe hotuba!" Mama Safari alinisimulia kwamba ulimwaga pombe ya mtu kilabuni kwa sababu ya jina hilo, wewe ambaye hata kuku hukuwahi kumpigia kelele.

Alasiri moja tulikuwa uani tunapukuchua mahindi, mimi na wewe. Ukaniuliza huku unalitazama gunzi, "Ungesoma yale mawe, leo ungekuwa kazini?"

Nikakujibu, "Ningekuwa kazini, mjomba."

Nilikudanganya. Mfukoni nilikuwa na barua ya Eliaichi, rafiki yangu wa shule kutoka Marangu, aliyeomba jiolojia chaguo la kwanza na akaipata. Alikuwa ameniandikia kwamba naye yuko kwao, anamkatia mama yake majani ya ng'ombe na kusubiri kama mimi, na wenzake wa darasani wengi wako hivyo hivyo. Nilikuwa nimeisoma asubuhi hiyo hiyo. Nilijua kabisa kwamba hata ungeiacha fomu kama nilivyoiandika, bado tungekuwa hapo uani na mahindi yetu. Lakini nilitaka uumie kidogo. Ukaumia, nikakuona, nikachukua gunzi jingine.

Hatimaye barua yangu ikaja. Afisa malisho, wilaya ya Ngorongoro, kituo Wasso. Mkaniaga kwa kuchinja jogoo. Mama Safari alilia kwa sababu ya umbali, nawe ukasema angalau kuna ng'ombe, sitakosa wa kuongea naye. Huku nako wakanipokea kwa kicheko. Mpaka leo wengine wananiita Bwana Mifugo Mwanamke, nami naitika, nitafanyaje?

Mara yangu ya mwisho kukuona ni ile likizo uliyonisindikiza stendi ya Karatu. Ulikataa nibebe begi langu. Ulikuwa umekonda, unakohoa, unasingizia vumbi. Tulisimama pale basi likijaza watu na magunia, nikaona unatafuta neno.

"Na ile kazi," ukasema, "unaivumilia?"

"Naivumilia."

Ukatikisa kichwa taratibu. "Nilikugeuzia maisha yako, mama. Unisamehe."

Basi likapiga honi. Nikakwambia, "Tutaongea, mjomba," nikapanda. Nilikupungia mkono dirishani. Miezi miwili haikupita, ikaja simu ya maandishi ofisini kwetu kwamba kifua kimekuzidi na umetutoka. Barabara ilikuwa tope tupu, lori tulilopanda lilikwama mara mbili, na nilipofika Rhotia walikuwa wameshakuzika. Nilikuta maua na watu wanakula.

Naivumilia! Ndivyo nilivyokujibu. Sasa sikiliza nilichokuwa nakificha.

Miezi mingi kabla ya siku ile ya stendi walikuja watu kutoka Malambo. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha baada ya kiangazi kibaya, na ng'ombe wao walikuwa wanaanguka mmoja mmoja. Wengine walisema ni ugonjwa, wengine walisema ni mkono wa mtu. Laigwanani wao, yaani kiongozi, aliponiona nashuka kwenye gari akamuuliza dereva afisa mwenyewe yuko wapi. Sikubishana naye. Nikaomba fimbo, nikatembea nyuma ya kundi kuanzia asubuhi mpaka jua likaanza kupinda, natazama midomo ya ng'ombe. Nikaona. Bondeni palikuwa na mmea mmoja mchanga uliotangulia kuota kabla ya nyasi, na kwa njaa ile walikuwa wanaung'oa kama sukuma wiki. Nikawaambia wazee waondoe mifugo bondeni, waipandishe juu kwenye nyasi kavu mpaka nyasi mpya zikue. Walibishana weee! Wakakubali kwa shingo upande. Nikakaa nao, nimeshika roho mkononi, nahesabu siku. Hakuanguka mwingine.

Yule mzee akanijia akiwa amebeba kibuyu cha maziwa. "Msichana," akasema, "haya umesomea wapi?"

Nikafungua mdomo niseme Morogoro. Nikajisikia nasema, "Kwa mjomba wangu."

Ni kweli, mjomba. Chuo kilinipa jina la ule mmea. Kutembea nyuma ya ng'ombe kimya, kutazama anachokula kabla hujatazama anachougua, ulinifundisha wewe kwenye mteremko wa nyuma ya nyumba kabla sijaijua hata herufi moja. Nililia pale pale mbele ya wazee wa Kimaasai, maziwa mkononi, na wakadhani nimeumwa na kitu. Nililia kwa furaha. Nilijua siku ile kwamba hapa ndipo pangu, na kama wangenirudishia fomu nikiwa mzima, nina kalamu yangu mwenyewe, ningeiandika kama ulivyoiandika.

Eliaichi naye alipata kazi baadaye, anafundisha jiografia sekondari, na anawapenda wanafunzi wake kuliko alivyopenda mawe. Mimi mawe bado nayapenda. Nikipita ukingoni mwa kreta kwenye lori huwa nanyoosha shingo kama mtalii. Lakini ninaipenda kazi hii, mjomba. Naamka naipenda, hata mshahara ukichelewa, hata gari likikosa mafuta nikaenda kwa miguu.

Kwa hiyo pale stendi uliponiomba msamaha, sikuwa na cha kukusamehe. Nilikuwa nimeshakusamehe zamani, ila nilizoea kukudai huzuni, nikaona nikikwambia nina furaha nitakuwa nimeshindwa. Ulinikosea fomu, ukaumwa na kosa hilo mpaka miguu ikavimba. Mimi nilikuacha uingie kaburini ukiamini uliniharibia maisha, na jibu nilikuwa nalo mdomoni, na lile basi lisingeondoka kabla sijalisema.

Unisamehe wewe, mjomba wangu. Nakupenda, na nina furaha.

Mpwa wako,
aliyechelewa kukwambia.