Nilichomwambia Daktari

Isipingo, Durban
Jumanne

Kaka Gosbert,

Shikamoo kaka. Natumaini hapo Bukoba mmeamka salama, watoto wanaenda shule, na mkono wa Mama unazidi kupata nguvu tangu arudi. Mimi mwili ni mzima, mengine utayasoma. Barua hii ataileta Respicius, anayesafiri Alhamisi. Kwenye simu ningesikia sauti yako nikakata.

Kazi ya saluni pale Warwick inaendelea. Dawa za nywele bado zinanipigisha chafya mpaka machozi. Mama Marie-Jeanne, Mkongomani mwenye saluni, hunitania kwamba pua yangu iko na kazi kuliko mikono. Ndiyo maana sikosi vidonge vya mafua na aleji, vile vyenye dawa mbili ndani ya kimoja: moja hutuliza chafya na kukausha kamasi, nyingine huzibua pua. Boksi hulitupa palepale dukani, vidonge natia kwenye pochi.

Wiki ya pili tangu Mama aje kunitembelea hapa, upepo wa bahari ulimpa mafua. Nikampa vidonge vyangu, asubuhi na jioni, siku tatu, kama tulivyozoea kugawiana dawa nyumbani tangu utoto. Mfamasia aliwahi kunionya kwamba mwenye presha asiviguse bila kumuuliza daktari. Nilimwitikia huku nikitafuta simu yangu. Presha ya Mama naijua miaka yote, lakini siku ile sikuikumbuka. Siku ya nne kichwa kilimuuma vibaya, mkono wa kulia ukafa ganzi, tukakimbilia hospitali.

Kaka, hapa kalamu inagoma. Daktari aliuliza kama Mama ametumia dawa yoyote. Unajua Mama hana Kiingereza. Mkalimani nilikuwa mimi. Mama akajibu vizuri kabisa, "Mwambie nimemeza vidonge vya mafua ulivyonipa." Nikamgeukia daktari nikasema hajameza kitu, ila amekula chumvi nyingi. Mama akatikisa kichwa kukubali, akidhani nimefikisha maneno yake. Mpaka leo anaamini daktari alijua habari ya vidonge akaona havina neno.

Ulipopiga simu kuuliza chumvi gani, nikataja senene, wale mkeo Belinda aliowakaanga akamfungia Mama kwenye mkebe. Ukaamini, shangazi wakaamini. Sasa ni miezi miwili wifi yangu haruhusiwi kugusa sufuria ya Mama, na nasikia Jumapili ukoo unakaa ili apige magoti aombe radhi. Hajanitumia hata neno moja baya.

Isome barua hii mbele ya wote kabla hajapiga magoti. Humu ndani nimeweka ganda tupu la vidonge lenye jina la dawa; daktari wa Mama alione. Mama akiuliza kwa nini nilimgeuzia maneno, mwambie hivi. Niliona aibu kidogo, nikaikimbia, na sasa nina hii kubwa.

Limebaki moja. Nilipotoka hospitali siku ile nilifungua mkebe nikaonja, nikiomba Mungu iwe kweli. Kaka, Belinda hakuwatia senene wale chumvi hata chembe.

Mpe Mama shikamoo yangu, nawe ubaki salama. Belinda usimpe salamu. Mpe barua yenyewe.

Mdogo wako,
Clementina