Rubugo ya Tata kwenye Keria

Kishanda, Muleba

Mke wangu Koku,

Nimefika salama, na Tata, baba yangu, tumemzika jana ndani ya rubugo yake.

Unajua baiskeli nimejifunzia kwetu Bilele, kwenye tambarare. Mlima wa kwanza niliukanyaga kwa pupa, nikafika juu nimeinamia usukani, natapika. Nikajua sitayawahi maziko. Tena kila aliyeiona ile rubugo, sanda ya gome la mti uliyonifungia kwenye keria, alitua mzigo wake na kusimama kando kimya, nami ikanibidi nishuke kupokea pole. Moyoni nilikasirika: watu hawa wananichelewesha! Lakini kila niliposhuka pumzi ilirudi, na miguu ikapata nguvu ya mlima mwingine. Mvua iliponikuta, bibi mmoja alikata majani ya mgomba akaifunika rubugo vizuri. Mimi akaniacha nilowe.

Nilifika jua likielekea kuzama, nikaanza kuomba radhi. Mawe, mama yangu, aliipapasa rubugo, akaikuta kavu. Akasema, "Tulikusubiri, mwanangu. Aliyebeba rubugo hawezi kuwapita watu bila kushuka. Ungefika mapema, ningekuuliza umempitisha wapi baba yako."

Wasalimie watoto, uwaambie babu yao alisindikizwa na njia nzima. Narudi Jumapili. Nikichelewa, usisimame mlangoni kwa wasiwasi. Keria itakuwa tupu, lakini pale watu waliposimama, nitashuka.

Mumeo,
Rweyemamu