Shangazi, Huenda Si Ukoma

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Baada ya chakula cha mchana twatakiwa kulala hapa bwenini, na upepo ukiingia dirishani nasikia harufu ya moshi wako. Si usingizi, wala si kuwa macho. Nakuona Tiwi, uani, umezungukwa na masufuria makubwa ya arusi, nami nimekaa juu ya mbuzi nakuna nazi.

Unaikumbuka arusi ya mwaka ule bendera yetu ilipopandishwa? Nyama ilikuwa ngumu. Ulisema, "Ng'ombe huyu alisoma chuoni na babu yangu," na wanawake wakacheka hadi wakaketi. Kisha ukachanja papai bichi, ukaipaka nyama utomvu wake mweupe. Mama Saumu akataka kuongeza.

"Wataka nyama au uji?" ukamwuliza. "Tia motoni sasa hivi. Utomvu huu hauachi kula mpaka uunguzwe."

Jambo hilo nimefundishwa darasani mwaka huu. Ndani ya utomvu ule mna kitu kiitwacho enzaimu, na miili yetu nayo imejaa enzaimu za kila namna: hii hukata, hii huunga. Nilimwuliza mwalimu kama enzaimu yaweza kusimamishwa bila moto, kwa kuwa binadamu hatiwi sufuriani. Wenzangu wakacheka. "Huyu ana mtu anataka kumpika," mmoja akasema.

Mwalimu hakucheka. Alisema enzaimu hupewa kitu kinachofanana na kazi yake, ikakishika, isiweze kukifanya lolote. Nikaona mkuna nazi aliyepewa jiwe lenye umbo la nazi. Halikuniki, na mikono yake imejaa. Kazi inasimama.

Nilikuwa nakufikiria wewe. Magamba meupe yalianza viwikoni mwako, kisha vidole vikavimba kama ndizi mbivu, hata asubuhi huwezi kushika mwiko. Katika arusi ya mwisho, Mama Saumu yuyo huyo alikwambia kwa upole, "Pumzika, dada. Leo tutapika sisi." Neno ukoma hawakulitamka mbele yako. Walilitamka ulipogeuka, nawe ukalisikia. Ulinawa mikono, ukaondoka, na mwezi haukuisha ukahamia shambani huko juu Mkongani, ambako mahindi hayamwulizi mtu habari za ngozi yake.

Daktari alipokuja shuleni kutupima macho, nilimweleza habari zako hadi wenzangu kwenye foleni wakanung'unika. Alisema kwamba kwa maelezo yangu hadhani kuwa ni ukoma. Kuna maradhi yanayoufanya mwili ujipige vita wenyewe. Ngozi huota mbio kupita kiasi, viungo huvimba, na hayaambukizi. Viko vidonge vinavyozuia enzaimu moja ambayo uotaji huo unaitegemea.

"Havijawafaa wote," akasema. "Tena ni dawa kali, damu lazima ipimwe kila mara. Siahidi kitu mpaka nimwone."

Nimeyaandika maneno yake bila kuyatia sukari, kwa sababu wewe hupendi kubembelezwa. Atakuwa hospitali ya Msambweni Jumatano ya kwanza baada ya Idi. Usiposhuka, hatutajua kamwe kama vingekufaa.

Najua utasema umeshazoea. Lakini mimi naota mchana huu wa upepo, naota unakata vitunguu na watu wanakuja kuonja kabla hawajaitwa. Wakati mwingine katika ndoto mikono yako imepona. Wakati mwingine bado ina magamba, na watu wanaonja vile vile. Ndoto hiyo ya pili ndiyo naipenda zaidi.

Barua hii nimempa Baba aje nayo akusomee. Tangu uhame hajalitaja jina lako jamvini, lakini siku ya pilau huondoka kabla hajashiba, nasi sote twajua kwa nini.

Baba, ukifika hapa, weka karatasi chini. Yaliyobaki si ya kusomwa. Mwambie wewe mwenyewe kwamba unataka arudi nyumbani.

Nami nakuaga, Shangazi. Msikilize kaka yako.

Mwana wa kakako, akupendaye